Sauti Yangu Mdomoni mwa Lavenda

Mbuni hatabasamu. Nasema hivi kwa sababu mtoto wa jirani yangu hapa Migori ana wimbo kwenye simu ya mama yake, wimbo wa katuni kuhusu watoto wanaotembelea bustani ya wanyama, na humo kila mnyama anatabasamu. Simba anatabasamu. Mamba anatabasamu kwa meno yote. Mbuni anapepesa kope kama bibi harusi. Ukuta baina yetu ni mwembamba, na tangu Jumapili nimeusikia wimbo huo mpaka naweza kuuimba nikiwa usingizini. Jana nilijikuta nimesimama jikoni na sufuria mkononi, povu linanichuruzika hadi kwenye kiwiko, nimekunja uso. Nimekasirishwa na nini? Na wimbo wa watoto. Mwanamke mzima, mwenye darasa la watoto arobaini wanaoniita mwalimu.

Niliweka sufuria chini nikakaa. Naijua hasira hiyo, maana tumekua pamoja. Niwaambie ilikozaliwa.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi Rongo, mimi na Mama, katika chumba kimoja nyuma ya soko. Mama alikuwa fundi wa cherehani. Watu walimwita Nyar Alego, binti wa Alego, kama wanawake wa kwetu wanavyoitwa kwa jina la walikotoka, na cherehani yake ilikaa kibarazani mwa duka la vitambaa la Mzee Hassan, ambaye alimpenda kwa sababu hakuwa na maneno mengi. Baba alikuwa amefariki nikiwa na miaka mitano, kule kwao kisiwani Mfangano. Kumbukumbu nilizokuwa nazo juu yake zingeenea kwenye kiganja: kicheko kilichoanzia tumboni, shati la buluu, na jinsi alivyonishika masikio yote mawili akinivuta taratibu na kusema, "Haya ni yangu, nimekuazima tu." Masikio ya Baba yalitokeza kama vishikio vya sufuria. Yangu pia.

Mwaka mmoja baada ya mazishi tulihamia Rongo. Nilipouliza kwa nini, Mama alisema Rongo kuna nguo nyingi za kushona. Nikaamini. Mtoto huamini anachokiona, na nguo zilikuwepo kweli, zimejaa hadi kitandani.

Siku ya Sabato tulikwenda kanisani, na huko ndiko nilikogundua kwamba nina sauti. Mwalimu Risper, aliyefundisha kwaya ya watoto, alikuwa mwanamke mnene mwenye mwendo wa haraka na leso ya jasho iliyokaa begani daima. Alitupanga mstari akatuimbisha mmoja mmoja. Aliponifikia mimi alinirudishia wimbo kutoka mwanzo, kisha akawaambia wengine, "Mmesikia? Huyo hapigi kelele. Huyo anaimba." Nililala na maneno hayo wiki nzima kama mtu aliyepewa blanketi jipya.

Siku hizo kila kwaya ilikuwa inatoa video. Mnazikumbuka? Watu wazima waliovaa sare za kung'aa wakiyumba polepole mbele ya maua ya benki fulani, au wakishuka ngazi bila sababu. Mwalimu Risper alitaka ya watoto, na alitaka iwe na kitu ambacho hakuna kwaya iliyokuwa nacho. Wanyama. Alitunga wimbo wa watoto wanaokwenda bustani ya wanyama kuwasalimia viumbe wa Mungu, na kila kiumbe anaulizwa swali lake. Kobe anaulizwa nani alimjengea nyumba asiyoilipia kodi. Mamba anaulizwa hupigia mswaki wapi. Ubeti wa mbuni ulikuwa wangu, wa kuimba peke yangu:

*Habari yako mbuni, mwenye shingo ya mlingoti,*
*nani alikushonea sketi na akasahau mikono?*

Kwanza tulirekodi sauti. Tulipelekwa Migori mjini, kwenye chumba kilichobandikwa magodoro ukutani, na mtu mmoja aliyejiita Kameraman, ambaye ndiye pia angepiga picha. Alivaa kizibao chenye mifuko kumi na mbili, na nilipochungulia yote ilikuwa mitupu isipokuwa mmoja uliokuwa na karanga. Niliimba ubeti wangu mara mbili tu. Alivua visikilizio vya masikioni akaniangalia, akasema, "Wewe mtoto, umetoka wapi na hii sauti?" Nikamjibu, "Rongo," maana ndilo jibu nililokuwa nalo.

Mama ndiye aliyeshona sare. Magauni ishirini na mawili ya manjano yenye kola za kijani. La kwangu alilishona la mwisho, na alipokuwa akikanyaga cherehani nilimsikia akiimba ule ubeti wangu chinichini, akikosea maneno. Jioni moja Mwalimu Risper alikuja kuchukua magauni. Mama aliniambia niende nikateke maji. Niliporudi walikuwa bado wamesimama kibarazani, Mama akisema na Mwalimu akitikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu anayekubali jambo asilolitaka. Waliponiona walianza kuzungumza habari za vifungo.

Tangu jioni ile Mwalimu Risper hakuniangalia tena machoni. Niliona. Watoto huona. Ila hatujui tulichokiona ni nini.

Bustani yenyewe ilikuwa Homa Bay, nyuma ya hoteli moja kando ya ziwa. Tulikwenda kwa lori la miwa lililooshwa kwa heshima yetu, tukafika tukinuka sukari iliyochacha. Ndugu zangu, nilikuwa nimetarajia Safina ya Nuhu. Tulikuta mamba mmoja mzee asiyesogea hata kidogo, tukabishana kama ni wa saruji, na chatu ndani ya sanduku la kioo, na ngedere wawili waliogombania ganda la ndizi, na kobe. Kizimba kilichoandikwa SIMBA kilikuwa na kuku aliyelalia mayai. Mwalimu Risper alimuuliza mzee mtunza wanyama simba yuko wapi, na mzee akajibu kwa utulivu mkubwa, "Huyo tunamtarajia."

Lakini mbuni alikuwepo. Dume, jeusi, refu kuliko mlango, na macho kama ya mwalimu mkuu. Alitembea ndani ya uzio wake kama mtu aliyepoteza funguo na anatushuku sisi. Nilimpenda papo hapo. Nilirekebisha kola yangu ya kijani nikaenda kusimama mahali pangu, mbele.

"Wewe, hapana," Kameraman akasema. "Wewe njoo huku."

Alinipeleka nyuma ya kamera, kwenye redio kubwa ya kaseti iliyowekwa juu ya kiti. "Nikisema sasa, unafinya hapa. Nikisema basi, unafinya hapa. Sawa?"

"Na ubeti wangu?"

"Ubeti wako umo ndani ya kaseti. Sauti yako tunayo. Tunataka sura tu."

Nilimtazama Mwalimu Risper. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu cha mtoto ambacho tayari kilikuwa kimefungwa.

"Mwalimu," nikasema, "si mbuni ni wangu?"

"Awuor, mpenzi, leo tusaidie na redio."

"Lakini nani ataimba?"

"Lavenda atafungua mdomo."

Lavenda alikuwa binti wa mzee wa kanisa. Alikuwa mzuri kama wanasesere wa dukani, na masikio yake yalikuwa madogo, yamelala kichwani kwa adabu. Nilipoyatazama nikaelewa kila kitu, au nilidhani nimeelewa. Nikavuta kitambaa cha nywele nikayafunika yangu.

Kusema haki, Lavenda hakuitaka ile kazi. Alinisogelea akaninong'oneza, "Awuor, mimi naogopa huyu ndege. Aki ananiangalia vibaya." Nikamwambia nami ningefurahi akimmeza.

Basi, Kameraman akasema, "Sasa!" Nami, kwa kidole changu mwenyewe, nikafinya. Sauti yangu ikatoka redioni, safi, ikajaa bustani nzima, na pale mbele ya uzio Lavenda akafungua mdomo na kuufunga, akichelewa kidogo kila neno, kama samaki aliyetolewa majini. *Habari yako mbuni.* Watalii wawili waliokuwa wakinywa soda wakageuka. "Huyo mtoto anaimba!" mmoja akasema, akimwonyesha Lavenda.

"Basi! Tena. Lavenda, usirudi nyuma."

Nikafinya tena. Na tena. Sikumbuki ni mara ngapi. Nakumbuka kitufe kilivyokuwa na joto la jua, nakumbuka midomo yangu ikicheza kila ubeti ulipoanza, kama inataka kwenda na ile sauti. Watoto wengine wote walikuwa pale mbele. Hata Ouma, ambaye aliimba kama mlango mbovu, alikuwa mbele, amepewa nafasi karibu na kobe.

Kisha mzee mtunza wanyama akamtoa mbuni uziani ili picha ipendeze, akimwongoza kwa fimbo, akituhakikishia kwamba ni mpole kama mbuzi. "Sasa!" Kameraman akasema. Nikafinya. Sauti yangu ikaanza. Na miguu yangu, ambayo sikuwa nimeiuliza, ikaondoka.

Nilipita chini ya mkono wa Kameraman nikaingia mbele ya watu wote, nikasimama hatua mbili kutoka kwa mbuni, nikafungua mdomo. Kwa mistari miwili, nawaapia, nilikuwa nimelingana na sauti yangu. Mbuni aliinamisha shingo akanitazama kwa jicho moja, halafu kwa jingine. Halafu akaking'oa kitambaa changu cha nywele. Nikapiga kelele, nikakimbia, naye nyuma yangu na kitambaa mdomoni, gauni la manjano linapepea, masikio wazi kwa dunia nzima, na watoto wakianguka chini kwa kicheko. Lavenda alicheka mpaka akakaa nyasini.

"Nimepata!" Kameraman alipiga yowe. "Hiyo nimeipata!"

Mwalimu Risper alinishika mabega. Nilitarajia kofi. Badala yake alinificha nyuma ya gauni lake. "Hiyo utaitoa," akamwambia Kameraman. "Umesikia? Hiyo usiiweke."

"Sawa, Mwalimu, sawa," akasema Kameraman, akila karanga.

Hakuitoa. Nani angeitoa? Ilikuwa ndiyo picha pekee ya siku ile yenye uhai. Video ilipotoka ilikuwa na simba aliyekatwa kutoka kanda nyingine, anayeelea hewani juu ya kizimba cha kuku. Ilikuwa na chui mkubwa mwenye milia ambaye hajawahi kukanyaga Kenya. Ilikuwa hata na pengwini. Ilikuwa na Lavenda, uso wake umeujaza skrini, akiimba kwa sauti yangu. Na mwishoni, kwa muda wa kuhesabu moja hadi tano, ilikuwa na mimi.

Tuliitazama kanisani, jua lilipokwisha kutua na Sabato kumalizika. Watu walijaa hadi madirishani. Lavenda alipoimba, akina mama walipiga vigelegele. Nilitaka kusimama juu ya benchi niseme, ni mimi huyo. Nilimgeukia Mama, maana yeye alijua, na yeye angenishika mkono. Lakini Mama alikuwa anatazama skrini kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali. Nilipotokea nikikimbizwa, kanisa lote liliangua kicheko. Mama alisimama akatoka nje.

Nilijua amenionea haya. Nyumbani aliniuliza swali moja tu, "Mwalimu hakukuambia ukae nyuma?"

"Aliniambia nishike redio."

"Basi kwa nini hukushika?"

Nikasema, "Kwa sababu ni wimbo wangu." Mama akazima taa ya chemni akalala na nguo za kutwa.

Kesho yake Mwalimu Risper alizunguka akijaribu kuzikusanya zile diski ambazo Kameraman alikuwa ameanza kuziuza. Ni sawa na kukusanya ugali ulioliwa. Zilikuwa zimefika Migori, zimefika Homa Bay, zimevuka Mbita hadi visiwani. Kila nilipopita sokoni watoto waliniigiza, wakikimbia na kupepea mikono, na watu wazima walimwita Lavenda wampe peremende aimbe. Akiombwa aimbe, Lavenda alikuwa anakohoa na kusema ana mafua. Alikuwa na mafua miezi miwili mfululizo.

Siku moja alasiri, nikitoka shule, mwanamume mmoja alisimama mbele yangu karibu na wauza miwa. Alikuwa mrefu, kofia mkononi. Alinitazama, akainama, na kabla hajasema neno alicheka. Kicheko kilianzia tumboni.

"Awuor," akasema. "Wewe ni Awuor wa Ochieng. Usikatae, hayo masikio yanakushtaki." Akaniambia yeye ni Baba Mdogo, ndugu yake Baba anayemfuata, na kwamba amesafiri tangu alfajiri kutoka Mfangano kuja kunitafuta. "Nilikuona," akasema. "Nilikuwa nimekaa pale ufuoni, kuna hoteli inaonyesha video kwa jenereta. Nikakuona unakimbia. Nikasimama, chai ikamwagika. Nikawaambia watu, huyu ni damu yangu! Wakarudisha nyuma nikakuona tena. Mara nne."

Sijui kama mnaelewa maneno hayo yalinifanya nini. *Nilikuona.* Mtu amevuka maji kwa sababu aliniona mimi, si Lavenda. Aliniuliza kama nilikuwa nimeimba pia. Nikamwambia kila kitu, redio, kitufe, Lavenda na mdomo wake wa samaki, na Baba Mdogo akatikisa kichwa kwa uchungu wa kweli. "Walikuonea," akasema. "Nyumbani hakuna mtu angekuonea hivyo." Akaninunulia soda na mkate, akakaa juu ya jiwe kunisubiri nimalize. Kisha akauliza, "Mama yako hajambo? Mnakaa upande gani?"

Nikamshika mkono nikampeleka.

Mama alikuwa anakaza pindo la suruali. Alipoinua macho akatuona tumeshikana mikono, sindano ilimchoma kidoleni, nami niliona tone la damu likitokeza na yeye hakulifuta. "Karibu, shemeji," akasema. Akamkaribisha ndani, akapika, akamnawisha mikono kwa maji ya vuguvugu. Baba Mdogo alikula vizuri. Alisifu samaki. Halafu akasema, kwa sauti ya upole kabisa, "Miaka mitatu, Nyar Alego. Tumekutafuta mpaka kwenu Alego. Nyumba ya marehemu imekaa wazi, na mtoto anakua kama hana watu. Jumapili nitakuja na wazee, tuyamalize."

"Karibuni," Mama akasema.

Alipoondoka alinivuta masikio yote mawili, taratibu. Nilisimama mlangoni nikampungia hadi alipopotelea kwenye kona ya Mzee Hassan. Niligeuka nikiwa na furaha ambayo sijui niifananishe na nini. Mama alikuwa ameketi kitandani kati ya nguo za watu.

"Sasa umeonekana," akasema. "Umeshiba?"

Hakusema kwa ukali. Afadhali angenipiga.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, kweupe, watu wakiwa sokoni, tulihama. Mama alirudisha kila nguo kwa mwenyewe, hata zile ambazo hazijakwisha, akafungua kichwa cha cherehani kutoka kwenye meza yake na kukifunga kwenye shuka. Meza na pedali alimwachia Mzee Hassan. Hakuna niliyemuaga, wala Mwalimu Risper, wala Lavenda. Nilipolia Mama alisema, "Lia ukitembea."

Tulikwenda Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu. Kule watu wametoka kila mahali na hakuna anayemuuliza mwenzake wewe ni wa nani. Mama alishona suruali za wachimbaji zilizopasuka magotini na magunia ya mawe. Mashine za kusaga mawe zilinguruma tangu asubuhi hadi jioni, na vumbi lake jeupe lilikaa kwenye uji, kwenye daftari, kwenye kope. Shule haikuwa na kwaya. Hata ingekuwa nayo, nani angesikika? Niliimba ndani ya zile kelele, kwa nguvu zangu zote, na sikujisikia mwenyewe.

Nilimchukia Mama. Naandika hivi bila kupamba. Kwa miaka mingi nilimtendea kama mtu aliyeniibia: kwanza mbuni, kisha kwaya, kisha Baba Mdogo, mtu pekee aliyeniona. Nilipomuuliza kwa nini tulikimbia alijibu kwa methali zake, kwamba mtoto hapewi siri kwa sababu mdomo wake hauna mlango. Nikaacha kuuliza. Tukaishi hivyo, watu wawili kwenye chumba kimoja cha mabati, adabu tele na maneno machache, mpaka nikaenda chuo cha ualimu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili habari zilipofika kwamba Baba Mdogo amefariki. Nilikuwa Osiri kwa likizo. Mama alipokea simu, akasikiliza, akasema asante. Kisha akaniambia, "Utakwenda kumzika. Wewe sasa ni mtu mzima, hakuna anayeweza kukuzuia wala kukubakisha." Na akiwa amenipa mgongo, akikunja nguo zangu za safari, aliniambia yote.

Kwamba baada ya mazishi ya Baba, wazee walikaa wakaamua Baba Mdogo amrithi Mama awe mke wake, pamoja na nyumba. Kwamba Mama alikataa, kwa ajili ya dini yake na kwa ajili ya nafsi yake. Kwamba walimwambia sawa, mwanamke anayekataa yuko huru kuondoka, ila mtoto ni wa ukoo na mtoto atabaki. Kwamba siku ya soko alipanda mashua pamoja na wauza samaki, mimi nimekaa miguuni pake kati ya vikapu, akawaambia watu wa nyumbani anakwenda Mbita kuuza na atarudi jioni. Na kwamba kule Rongo, jioni ile ya magauni, alimwambia Mwalimu Risper: sauti yake chukua, sauti haina uso. Sura yake usiionyeshe.

Nilikaa juu ya kigunia kimoja cha nguo. Kwanza sikuona huruma. Niwe mkweli kwenu, nilichosikia kwanza kilikuwa ile ile hasira, mbichi, kana kwamba bado nimesimama kando ya redio. Watu wazima wawili walijua. Sentensi moja tu ingetosha. Ningekaa nyuma ya kamera. Ningefinya kitufe hadi kidole kiote sugu.

"Kwa nini hukuniambia?" Nilipaza sauti, kitu ambacho sikuwahi kumfanyia. "Mama, ungeniambia! Ningenyamaza. Mimi mwenyewe ndiye niliyemleta mlangoni, kwa mkono wangu, na hukuniambia!"

Mama aligeuka. Alikuwa ameanza kuzeeka na mimi sikuwa nimeona.

"Nilijua ungenyamaza," akasema. "Sikuogopa mdomo wako, nyathina, mwanangu. Hiyo methali nilikuwa najifichia tu. Ningekuambia kwamba kuna watu wa baba yako, wana nyumba na ng'ombe na ziwa, na wanakutaka. Ungeniuliza, basi kwa nini tusirudi? Mimi ningekuambia nini? Kwamba mimi ndiye sitaki? Kwamba kwa sababu yangu unalala juu ya nguo za watu?" Akaikunja tena blauzi ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. "Niliogopa ungewachagua wao."

Nilimwambia, hapana, Mama. Nisingeweza. Nilimwambia mara mbili, nikamshika mikono, ile mikono yenye matundu ya sindano, na yeye akaitika kwa kichwa kama mtu anayepokea maji aliyoyaomba muda mrefu. Kesho yake nikaenda Mfangano nikamzika Baba Mdogo, nikarudi. Tangu siku hiyo tunazungumza. Huja Migori kila mwisho wa mwezi, ananirekebishia nguo ambazo hazina kasoro.

Lakini nilimdanganya, na nyinyi ndio wa kwanza kuambiwa. Namjua yule mtoto wa miaka tisa. Najua alivyokuwa na njaa ya kutazamwa, na najua alivyoushika ule mkono pale kwa wauza miwa bila kuuliza swali hata moja. Mama hakukosea hata kidogo. Angenipa nafasi ya kuchagua, ningekwenda nao, tena nikikimbia.